Riale ya bibi au rupia ya Mombasa: ipi ya kuweka, ipi ya kumpelekea sonara

Leso ilikuwa chini kabisa ya kasha, chini ya kanga ambazo bibi hakuwahi kuzikunga pindo, na fundo lake lilikuwa limekaza hata shangazi akalifungua kwa meno. Zikamwagika mkekani: riale mbili za Sham, yaani zile kubwa za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, moja ina kitanzi, rupia nne, na shilingi tatu za wakati wa Mwingereza. Ami yangu alitangulia kunyoosha mkono. Akachukua riale isiyo na kitanzi, akaipima kiganjani, akaisogeza dirishani na kusoma tarehe kwa sauti: 1780.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Ina miaka zaidi ya mia mbili na arobaini. Hizo ndogo gawaneni ninyi."

Mimi si mrithi katika mgawo ule. Niliitwa kwa sababu nakusanya sarafu tangu niko chuoni kwa mwalimu, na jamaa zangu wote hapa Langoni, Lamu, wanajua chumba changu kina bahasha nyingi kuliko nguo. Nikamwambia, "Ami, kabla hujaitia mfukoni, niruhusu nizipange mbili mbili." Sarafu ukiitazama peke yake itakudanganya, ukiilaza kando ya mwenzake ndipo huanza kusema. Nitazipanga hapa vilevile, kwa yeyote mwenye leso kama ile nyumbani, au anayesimama Mkunguni mbele ya meza ya muuzaji akijiuliza pesa zake aziweke kwenye ipi.

Mizani ya sonara

Watu wa pwani walikuwa wakipima fedha kwa fedha. Wakia ilikuwa uzito wa riale moja, tola uzito wa rupia moja. Riale sahani hii, kikuku chako sahani ile, kazi imekwisha. Kwa jicho hilo ami yuko sawa: riale ni kubwa, rupia ni ndogo. Sonara hana haja na sura ya malkia wala jina la mji. Atauliza gramu, kisha atauliza ni fedha kiasi gani na ni shaba kiasi gani iliyochanganywa ndani. Majibu ni haya:

| Sarafu | Uzito (g) | Fedha kwa elfu | Fedha halisi (g) |
|---|---|---|---|
| Riale ya Sham | 28.07 | 833 | 23.39 |
| Rupia (ya India ya zamani, ya Mombasa, ya Mjerumani) | 11.66 | 917 | 10.69 |
| Florini ya Afrika Mashariki, 1920 | 11.66 | 500 | 5.83 |
| Shilingi ya Afrika Mashariki, 1921 hadi 1946 | 7.78 | 250 | 1.94 |

Zidisha safu ya mwisho kwa bei ya gramu ya siku hiyo, upate thamani ya madini. Hiyo ndiyo sakafu. Sonara atakupa chini kidogo ya hapo, maana ana moto wa kuwasha na faida ya kutafuta, na sioni ubaya. Ubaya huingia kwenye neno aunsi. Bei za dunia hutajwa kwa aunsi ya madini, ambayo ni gramu 31.1. Aunsi ya dukani ni gramu 28.35. Wakia ya zamani nayo ni gramu 28 na kidogo. Anayekununulia kwa aunsi kubwa na kumuuzia mwingine kwa aunsi ndogo amekula tofauti bila kusema uongo hata mmoja. Taja gramu, umalize.

Shilingi, kama unavyoona, ni shaba iliyovaa kanzu ya fedha. Robo yake tu ndiyo madini ya maana, na kuanzia 1948 hata hiyo robo iliondolewa. Shilingi za bibi zilikuwa za 1924, zimelika hadi simba hana uso. Nilizisukuma kando na watoto wakazichukua.

Mkusanyaji anauliza maswali mengine kabisa. Zimebaki ngapi? Zilizobaki ziko katika hali gani? Na nani mwingine anaitaka ninayoitaka mimi? Umri, ule ambao ami aliushika kwanza, haumo. Sarafu ndogo za shaba za Waroma za karne ya 4 zimefukuliwa kwa wingi mno, na mtu hununua moja kwa bei ya chakula cha mchana. Kitu kuwa cha kale hakukifanyi kuwa adimu.

Riale ya Sham kando ya rupia ya Mombasa

Maria Theresa alitawala Austria, akafariki Novemba 1780. Riale yenye sura yake ilikuwa imeshapendwa na wafanyabiashara kuanzia Bahari ya Sham, Uhabeshi na Uarabuni hadi huku kwetu. Iliaminika kwa uzito wake na kwa sura ile ile isiyobadilika. Kuna wanunuzi waliojulikana kwa kuhesabu lulu za pini ya begani mwa malkia kabla ya kuipokea. Ilipotolewa sarafu yenye sura nyingine, watu waliikataa. Basi kiwanda kikaendelea kugonga ile ile, na mwaka ule ule, 1780, karne nzima na nyingine juu yake. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilizipata chapa za kugongea riale hiyo kutoka Vienna ikaanza kuigonga Roma. Uingereza haikutaka kuachwa nyuma. London ikagonga, Paris ikagonga, Brussels ikagonga, na wakati wa vita hata Bombay. Jumla ni mamia ya mamilioni.

Kwa hiyo riale aliyoishika ami huenda ilitoka mtamboni bibi akiwa msichana anayesuka ukili. Tarehe yake si cheti cha kuzaliwa. Wanaozijua huzitenganisha kwa vitu vidogo: pini ya begani na idadi ya lulu zake, manyoya ya mkia wa tai upande wa pili, nafasi ya nukta, umbo la herufi S.F. chini ya kifua cha malkia. Herufi hizo ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, na zimeendelea kunakiliwa mpaka wenyewe wamesahaulika. Riale ya Günzburg ya mwanzo mwanzo inatafutwa na ina bei yake. Riale ya kawaida, iliyogongwa Vienna au London katika karne ya 20, inatembea karibu na bei ya fedha iliyomo ndani yake, juu kidogo kwa sababu ya uzuri wake. Ipo mikononi mwa watu wengi mno.

Sasa chukua rupia ambayo hakuna aliyeinyoshea mkono. Upande mmoja ina jua lenye miale na taji juu yake, upande wa pili mizani, na mwaka 1888. Hiyo ni sarafu ya Kampuni ya Kibeberu ya Afrika Mashariki ya Waingereza, kampuni ya William Mackinnon, iliyopewa hati na serikali yake mwaka huo huo wa 1888, baada ya kukodi ukanda wa pwani kwa Sultani wa Zanzibar. Iligongwa na kiwanda cha Heaton mjini Birmingham, kwa uzito na usafi ule ule wa rupia ya India ili zitembee pamoja sokoni. Lakini rupia ya India ilikuwa imeshajaa kila duka la Mhindi kuanzia Lamu hadi Vanga. Nani angeihitaji ngeni? Kampuni ikaishiwa, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi mkononi mwake. Miaka saba, basi. Rupia nzima ya Mombasa ina mwaka mmoja tu juu yake, 1888, na haikurudiwa tena. Zilizobaki nyingi zilikwenda kwenye chungu cha sonara, kwa sababu kwake tola ni tola.

Wanaoitaka wako wengi na wa namna nyingi: mkusanyaji wa sarafu za Kenya anaiona ndiyo mlango wa kwanza, wa sarafu za himaya ya Uingereza hawezi kuiruka, na wa sarafu za makampuni ana nafasi tupu inayoingoja. Sarafu chache, mikono mingi. Ndiyo maana rupia ya Mombasa iliyotunzwa, yenye fedha isiyofika nusu ya ile ya riale, huiacha mbali riale ya kawaida mbele ya mkusanyaji. Usiichanganye tu na ile sarafu ndogo ya shaba iitwayo pesa, ya mwaka ule ule, nayo ina mizani. Hiyo utaiona mara nyingi, na bei yake ni ya kishaba.

Nisije nikaonekana naionea riale. Zipo mbili ambazo ningesahau hata kikombe cha kahawa mkononi nikiziona. Moja ni ile wazee walioiita riale ya mzinga: ya Hispania, ina nguzo mbili ambazo kwa macho ya baharia zilifanana na mizinga, na kati yake dunia mbili juu ya mawimbi. Aina hiyo iligongwa Mexico na kwingineko Amerika kati ya 1732 na 1772. Nyingine ni riale ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, maandishi ya Kiarabu matupu, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Hiyo ni adimu kwelikweli, na kwa kuwa ni adimu, za kughushi zipo. Kuna pia riale za Sham zilizopigwa chapa ya Hijazi juu ya sura ya malkia. Watu wa kwetu waliokwenda kuhiji husimulia kuziona. Chapa hiyo ndogo inaongeza bei, na kwa sababu hiyo hiyo kuna mafundi wanaoigonga leo juu ya riale za kawaida.

Mwaka ulioganda, na mwaka mmoja wenye balaa

Rupia tatu za India katika leso zilionekana ndugu. Ya kwanza ni ya 1862, "Victoria Queen". Ami, aliyekwisha kuanza kuingiwa na mashaka, akauliza kama nayo imedanganya mwaka. Imedanganya. Viwanda vya Calcutta na Bombay viliendelea kugonga rupia za 1862 kwa zaidi ya miaka kumi bila kubadili tarehe. Tofauti na ile ya malkia wa Austria, hii ina ufunguo: Bombay iliongeza vinukta chini ya mwaka, na kwa mpangilio wa vinukta wataalamu husoma mwaka halisi. Rupia mbili za 1862, moja ina nukta za namna ya kawaida na nyingine za namna isiyoonekana sana, kwa sonara ni pacha. Kwa mkusanyaji zimeachana. Mwaka 1874 tarehe zikaanza kusonga tena, na mwaka 1877 neno "Queen" likageuka "Empress".

Ya pili ilikuwa Empress iliyolika, haina la kusema. Ya tatu ilikuwa ya 1913, ya George wa Tano, na hapo nikalazimika kutoa yangu ya 1911 mfukoni, kwa sababu wawili hawa ndio mfano ninaoupenda kuliko yote.

Mfalme ni yule yule, uzito ule ule, fedha ile ile. Ya 1911 ilitoka na mfalme amevaa mkufu wa nishani wenye tembo, na mchongaji alimfanya tembo mkonga mfupi. Watu wa India walipomtazama waliona nguruwe. Waislamu wakakasirika, na serikali ikazirudisha nyingi kiwandani kuyeyushwa kabla hazijatoka. Kwenye ya 1912 tembo alichongwa upya, mkonga ukarefuka na masikio yakapanuka, asije mtu akakosea tena. Zile zilizokwisha kutoka zikabaki kutembea. Leo rupia ya 1911 inauzwa zaidi ya ya 1912 au 1913 kwa sababu hiyo tu: ilitoka mwaka mmoja, ikapunguzwa, na ina kisa kinachoonekana kwa macho. Nilipompa shangazi mdogo lenzi aone, alitazama kwa muda kisha akanawa mikono. Akacheka mwenyewe baadaye.

Kwa anayenunua kutoka India kwa simu: rupia ya 1939 ni ya mwisho ya fedha ya 917 na ni adimu sana, ya 1940 ni ya fedha nusu na imejaa tele. Tarakimu moja inabeba pengo kubwa la bei, na penye pengo kama hilo kuna mtu mwenye kipatasi. Tazama tarakimu ya mwisho kwa lenzi kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Sarafu moja, hali mbili

Hapa ndipo pesa nyingi za Lamu zilipopotelea, na zangu zimo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mzee mmoja jirani alinipa rupia ya Edward wa Saba ya 1903, nyeusi ukingoni, katikati ina rangi ya zambarau na samawati kama shingo ya njiwa. Niliona uchafu. Nikaichukua na ndimu na jivu la kuni, kama mama alivyokuwa akisugua sinia za shaba, nikaisugua mpaka ikawaka. Nikarudi kumwonyesha mzee. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia taratibu: "Mwanangu, umeitoa mato." Yaani macho.

Nilichukua miaka kumwelewa. Weusi ule si kutu. Ni utando mwembamba ambao fedha huufanya yenyewe ikikutana na salfa ya hewani, na unapoota polepole bila kuguswa huleta zile rangi za njiwa. Chini yake kuna mng'ao wa kiwandani, mistari midogo sana ambayo madini huifanya yanapotawanyika chini ya nyundo ya mtambo. Ndimu inauondoa utando, jivu linachana mistari. Kinachowaka baada ya hapo ni mikwaruzo maelfu inayoelekea upande mmoja, na mkusanyaji akiigeuza chini ya taa anaiona mara moja. Haitengenezeki. Makampuni ya Marekani yanayokadiria hali ya sarafu hutumia kipimo cha 1 hadi 70 na kuifunga ndani ya kasha la plastiki. Sarafu iliyosuguliwa huikatalia alama ya kawaida na kuandika kwamba imesafishwa, hata kama maandishi yote yanasomeka.

Kwa hiyo ukiwa na rupia mbili, moja inang'aa kama kijiko cha harusi na nyingine imefifia lakini haijaguswa, chukua iliyofifia. Na usiikabidhi kwa fundi "aipitishie kidogo".

Uchakavu wa kawaida ni jambo jingine. Sarafu iliyopita mikononi mwa wavuvi na wauza boriti hulika kwa ulaini, kwanza nywele, kisha shavu, kisha tarakimu. Hiyo ni haki yake, na bei hushuka hatua kwa hatua. Kwa sarafu iliyo tele, kama rupia ya Empress, hatua zenyewe ndizo bei: iliyolika ni madini tu, na ile iliyotoka kiwandani ikalala ndani ya bahasha inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Kwa sarafu adimu watu husamehe zaidi. Rupia ya Mombasa iliyochakaa bado ina mnunuzi.

Riale mbili za bibi zilikuwa somo hilo hilo. Ile ya kitanzi ilikuwa kidani. Fundi wa hapa alilehemu kitanzi juu ya kichwa cha malkia, na lehemu ikamwagikia herufi tatu. Kwa mkusanyaji wa sarafu imekufa. Shangazi mkubwa akauliza kama tukitoe kitanzi. Hapana, shangazi! Kukitoa kunaacha kovu, na hapo umepoteza sarafu na kidani kwa pamoja. Mnunuzi wake ni yule anayetafuta mapambo ya fedha ya Lamu, na huyo hataki kitanzi kipya cha dukani, anataka hicho hicho cha mkono.

Kuhusu kuhifadhi kwenye hewa yetu ya chumvi: bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na mpira na sanduku la mbao lenye harufu kali. Vifuko laini vya plastiki vinavyonata ndivyo vibaya zaidi, vinatoa ute wa kijani juu ya sarafu. Leso ya bibi ilifanya kazi nzuri kuliko vifuko hivyo.

Mjerumani, kwa ufupi

Utakutana na rupia yenye Kaisari Wilhelm mwenye kofia ya chuma upande mmoja na simba chini ya mnazi upande wa pili. Ni nzuri na wanaoitaka Ulaya ni wengi. Muuzaji atakuambia ilitumika Witu, mji wa bara karibu na hapa, kwa sababu anajua mgeni ametoka kuona nyumba ya Posta ya Wajerumani hapa mjini. Posta ilikuwepo kweli, ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, na Witu ilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1885. Lakini rupia hizo zinaanza mwaka 1890, mwaka ambao Witu ilikabidhiwa kwa Mwingereza, nazo ziligongwa kwa ajili ya ng'ambo ya kusini, Tanga na Dar es Salaam na bara yake. Huku zilifika kwa jahazi. Hadithi huongeza bei pale tu inapokubaliana na tarehe. Ukipata ya rupia mbili, tazama mwaka: ya 1894 hutafutwa zaidi ya ya 1893.

Florini ya 1920 niitaje hapa pia, maana watu huidharau kwa sababu ni nusu fedha. Ilikaa muda mfupi sana kati ya rupia na shilingi, na iliyo safi si rahisi kuipata. Ningeichukua mbele ya riale ya kawaida.

Ukisimama mezani pa muuzaji

Beba mizani ndogo ya kidijitali na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, lakini sumaku peke yake haitoshi kwa sababu risasi na shaba nazo hazivutwi. Uzito ndio hukamata wengi. Riale iliyo pungufu ya gramu 27 bila kulika iache. Kisha tazama ukingo: riale ya Sham ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka na maua kati yake, rupia ina meno yaliyosawazika. Wa kughushi huhangaika na sura, ukingo wanausahau. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa huwa na vitundu kama vya mkate wa mofa na mshono unaozunguka.

Na kabla ya kuuza au kununua, jua mstari wa 1895. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kinachohamishika, kitabu na hati zikiachwa, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka huo. Rupia ya Mombasa imo. Shilingi haimo. Riale ya Sham imo au haimo kutegemea iligongwa lini na ililetwa lini, na hapo zile lulu na manyoya ya mkia zinakuwa suala la sheria pia. Kuvitoa vitu hivyo nchini kunahitaji kibali, kwa hiyo mgeni anayetaka kuondoka nayo kesho asubuhi kwa ndege ya Manda mwelekeze kwanza kwenye Makumbusho ya Lamu, pale pwani. Zilizotoka ardhini ni habari nyingine kabisa. Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa Mark Horton walipata sarafu ndogo ndogo za fedha zilizogongwa kwenye pwani yetu hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ukiokota ya namna hiyo shambani, usiihamishe bila kutoa taarifa. Thamani yake kubwa ni pale ilipolala.

Nilipomaliza, mkeka ulikuwa umepangwa upya. Shangazi mkubwa alichukua kidani, kwa sababu alikumbuka kikining'inia kifuani mwa bibi siku ya harusi yake, na bei hakuiuliza. Mwenzake alitaka riale ile nyingine aiuze kwa uzito, apate nauli ya mwanawe wa chuo, na nikamwandikia gramu zake kwenye kikaratasi ili sonara asimchanganye na aunsi. Rupia za India zikagawanywa bila maneno mengi.

Ikabaki ile yenye mizani. Ami alikuwa ameshaichukua kimya kimya na kusogea nayo dirishani, pale pale alipokuwa amesomea 1780. Aliikodolea macho, akaihemea mara mbili kama mtu anayesafisha miwani, kisha akashika pindo la kikoi chake na kuanza kuisugua.